Kompyuta ya Mwanafunzi wa Chuo: Mzazi Achague Iliyo Imara

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Msemo huo ulifaa sana zama zile ambapo jembe lilikuwa ni jembe, na tofauti ya hili na lile ilikuwa mpini tu. Lakini kwa kijana anayemaliza sekondari na kuingia chuo kikuu jijini Bujumbura, jembe la siku hizi ni kompyuta ya kupakata, na majembe ya namna hiyo hayafanani hata kidogo. Liko litakalolima miaka yote ya masomo mpaka shahada ipatikane, na liko litakalovunjika mpini kabla msimu mmoja haujakwisha. Katika jambo hili, mzazi asiyechagua huenda akanunua mara mbili.

Na kununua mara mbili si jambo dogo. Katika nyumba ya askari wa jeshi au wa polisi, fedha za kununulia kifaa kama hicho hazitoki katika mshahara wa mwezi mmoja. Hutoka katika akiba ya miezi mingi, au mkopo wa ushirika, au mazao ya shamba la nyumbani. Ziko familia zilizotegemea posho za kulinda amani nchini Somalia, ambako askari wa Burundi walianza kupelekwa Desemba 2007. Lakini ujumbe wa ATMIS ulimalizika mwisho wa mwaka 2024, na Burundi haikuendelea katika ujumbe uliofuata. Tena Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga kwa kiasi cha asilimia 38, kutoka faranga 2,000 na ushei hadi 2,800 na ushei kwa dola moja. Kompyuta ni bidhaa ya kigeni, nayo hununuliwa kwa fedha za kigeni. Ikiharibika katika mwaka wa pili wa masomo, hapana uhakika kwamba ya pili itapatikana. Hapo mwanafunzi hubaki akipanga foleni katika sekretaria za umma, akilipia kila ukurasa unaopigwa chapa, ilhali tarehe ya kuwasilisha kazi haimngojei.

Funzo kutoka jeshini

Yafaa ikumbukwe kwamba kompyuta za kubebeka zilianza zikiwa mizigo. Osborne 1, iliyotolewa Marekani mwaka 1981, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi na haikuwa na betri ndani yake. Mwaka uliofuata, 1982, ilitokea GRiD Compass, iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kukunjika kama kitabu. Ganda lake lilikuwa la madini ya magnesi, na bei yake ilizidi dola 8,000. Walioweza kuinunua walikuwa wachache, nao ni pamoja na jeshi la Marekani na wanaanga waliosafiri nayo katika vyombo vya anga. Walitafuta chombo kisichovunjika njiani, wala hawakujali rangi wala urembo.

Tangu mwaka 1996 kampuni ya Panasonic ya Japani imekuwa ikitengeneza kompyuta ziitwazo Toughbook, ambazo polisi na wanajeshi wa nchi nyingi huzitumia ndani ya magari na nje kwenye mvua na vumbi. Mwanafunzi hahitaji kompyuta ya namna hiyo. Ni nzito na bei yake ni kubwa. Lakini linafaa kuigwa wazo lililoizaa, kwamba kifaa huchaguliwa kwa mazingira kitakamofanyia kazi.

Hapo ndipo mnunuzi atakapokutana na maneno MIL-STD-810 yaliyoandikwa kwenye maboksi na matangazo. Hicho ni kitabu cha vipimo cha jeshi la Marekani kilichotolewa kwanza mwaka 1962 na kurekebishwa mara kadhaa. Toleo la H ni la mwaka 2019. Ndani yake mna njia za kujaribu vifaa kwa kuviangusha, kuvitikisa, kuvitia vumbi, joto, baridi na unyevu. Hata hivyo askari asidhani kwamba jeshi limeikagua kompyuta hiyo na kuitolea cheti. Mtengenezaji mwenyewe ndiye anayechagua majaribio gani afanye, na mara nyingi huyafanya au huyalipia yeye. Kwa hiyo alama hiyo ni dalili njema, lakini si dhamana. Swali la kuuliza ni: ilijaribiwa kwa jambo gani?

Maadui wa kompyuta Bujumbura

Bujumbura iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na joto lake la mchana hukaribia nyuzi 30 mara nyingi. Wakati wa kiangazi, tangu Juni hadi Septemba, vumbi hutawala. Zikija mvua, unyevu huingia kila mahali. Kompyuta hujipoza kwa kuvuta hewa kupitia matundu madogo, na vumbi likiyaziba matundu hayo, joto hubaki ndani na kuila mashine polepole. Kwa sababu hiyo inafaa kuchagua kompyuta ambayo kifuniko chake cha chini hufunguliwa kwa skrubu za kawaida, ili fundi aweze kuisafisha mara moja kwa mwaka.

Adui wa pili ni umeme. Umeme ukikatika, betri huipa kompyuta ya kupakata nafasi ya kuendelea, na hilo ni jambo zuri. Hatari iko pale umeme unaporudi kwa kishindo, kwani mshtuko huo huweza kuunguza chaja au sehemu za ndani. Kifaa cha kulinda umeme kinachowekwa kati ya soketi na chaja ni gharama ndogo kikilinganishwa na kompyuta nzima. Asiye nacho na achomoe chaja mara umeme unapokatika, airudishe baada ya dakika chache umeme unapokuwa umetulia.

Adui wa tatu ni njia. Mwanafunzi anayekwenda Mutanga, au anayepanda mlima hadi Kiriri, au wa udaktari aendaye Kamenge, hubeba kompyuta yake kila siku katika mabasi yaliyojaa. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji, na uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umewafanya wengi watembee mwendo mrefu. Anayetembea saa nzima anaijua tofauti ya kilo moja na nusu na kilo mbili na nusu. Kioo cha inchi 14 kinamtosha mwanafunzi wa kawaida. Kikubwa zaidi huongeza uzito na huwa rahisi kupasuka kikibanwa.

Viungo vya kukagua

Mzazi anayenunua mbuzi humtazama meno, kwato na macho. Kompyuta nayo ina viungo vyake.

Kiungo cha kwanza ni bawaba, yaani mahali kioo kinapoungana na kibodi. Hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kila siku, na zile zilizoshikizwa kwenye plastiki nyembamba hung'oka mapema. Mnunuzi afungue kioo kwa mkono mmoja, akishike pembeni, akitikise kidogo. Kikiyumba au kikilia, aache. Vilevile abonyeze katikati ya kibodi: ikididimia kama godoro, ganda ni dhaifu.

Cha pili ni hifadhi, mahali kazi za mwanafunzi zinapokaa. Diski za zamani zina sahani inayozunguka, na anguko dogo laweza kuziharibu. Zile ziitwazo SSD hazina kitu kinachozunguka. Hustahimili mitikisiko na hufanya kazi kwa kasi zaidi. Hifadhi ya SSD ya gigabaiti 256 inatosha kuanzia. Kompyuta mpya za bei ya chini sana zenye gigabaiti 32 au 64 tu zisinunuliwe, kwani mfumo wenyewe huzijaza karibu zote na mwanafunzi hukosa nafasi ya kuweka kazi zake.

Cha tatu ni kumbukumbu ya kazi, yaani RAM. Kwa sheria, lugha, uchumi na ualimu, gigabaiti 8 zinatosha. Kwa uhandisi, michoro ya majengo na ramani, zitafutwe 16. Muuzaji aulizwe pia kama RAM inaweza kuongezwa baadaye, au imebanwa moja kwa moja kwenye bodi. Ile inayoweza kuongezwa humpa mzazi nafasi ya kununua kidogo sasa na kuongeza atakapopata.

Cha nne ni betri. Betri za sasa, baada ya kujazwa na kumalizwa mara 300 hadi 500, kwa kawaida hubaki na kiasi cha asilimia 80 ya nguvu yake ya kwanza, na joto huharakisha kuchoka huko. Betri hufa; hilo haliepukiki. Jambo la maana ni kujua kama fundi wa mjini anaweza kuibadilisha, na kama ya badala inapatikana.

Plagi na herufi

Kompyuta nyingi zinazofika Bujumbura hupitia Dubai, au hununuliwa Kenya, Uganda na Tanzania. Huko hutumika plagi za Kiingereza zenye miguu mitatu bapa, ilhali soketi za Burundi ni za miguu ya mviringo. Wengi hutumia viunganishi vya bei ndogo ambavyo hulegea, hutoa cheche na huchoma chaja. Dawa yake ni rahisi: waya unaotoka kwenye chaja kwenda ukutani huchomoka, na mwingine wenye plagi ya mviringo hununuliwa peke yake. Chaja yenyewe isomwe maandishi yake. Iandikwe 100 hadi 240 volti, kwa kuwa umeme wa Burundi ni wa volti 220.

Jambo jingine linalosahauliwa ni mpangilio wa herufi. Masomo mengi ya vyuo vya Burundi hufundishwa kwa Kifaransa, na kijana aliyezoea kibodi ya Kifaransa, inayoanza kwa herufi AZERTY, atahangaika na ile ya Kiingereza inayoanza kwa QWERTY. Mpangilio huweza kubadilishwa ndani ya kompyuta, na vibandiko vya herufi hubandikwa juu ya vitufe; ila ni vema kijana aulizwe mapema, kwani yeye ndiye atakayeandika.

Mpya au iliyotumika?

Kila mzazi hupenda kumpa mwanawe kitu kipya. Lakini jina la upya lisimdanganye. Kompyuta mpya ya bei ya chini kabisa, yenye ganda la plastiki nyembamba, mara nyingi haidumu kama ile ya maofisini iliyotumika miaka mitatu ikatunzwa vizuri. ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell na EliteBook ya HP zilikusudiwa wafanyakazi wa maofisi. Nyingi kati yake zina bawaba imara, na vipuri vyake hupatikana kwa urahisi zaidi.

Anayenunua iliyotumika na aangalie umri wake. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 haikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Inayouzwa kwa bei ya kuvutia huenda ikawa imeshafika mwisho wa njia. Kwa betri, mfumo wa Windows una amri ya powercfg /batteryreport inayoonyesha betri ilizaliwa na nguvu kiasi gani na imebaki na kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, bei nayo ishuke.

Mbele ya muuzaji

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kompyuta isinunuliwe ikiwa imezimwa, wala ndani ya boksi lisilofunguliwa. Iwashwe, ikae angalau nusu saa, ijaribiwe kila kitufe, kila tundu, sauti, kamera na intaneti. Namba iliyoandikwa chini ya ganda ilinganishwe na ile ya boksi. Kiasi cha RAM na hifadhi kisomwe ndani ya kompyuta yenyewe, si kwenye karatasi iliyobandikwa na muuzaji. Kisha idaiwe faktura yenye muhuri, tarehe, namba ya kompyuta na muda wa dhamana. Iulizwe wazi kama dhamana hiyo inatekelezwa Bujumbura, kwani dhamana inayomtaka mtu arudishe mashine Dubai haimsaidii koplo aliyeko Ngagara.

Baada ya hayo yote, hakuna kompyuta isiyokufa. Kwa hiyo pamoja na kompyuta, mzazi anunue flashi au diski ya nje, na kijana azoee kunakili kazi zake kila mwisho wa juma. Kompyuta itumike juu ya meza, si juu ya kitanda ambako blanketi huziba matundu ya hewa. Kikombe cha chai kiwekwe mbali. Na mvua inyeshapo iwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Askari hufundishwa kutunza silaha yake kabla hajafundishwa kuilenga. Kijana naye afundishwe vivyo hivyo siku ile ile kompyuta inapoingia nyumbani, maana fedha iliyoinunua ni jasho la nyumba nzima, na nyuma yake wako wadogo zake ambao nao siku moja watakwenda chuo.