Mgeni ana siku zake



Jioni moja ya mwezi wa Mei, mama mmoja mjane wa Katuba, katika mji wa Lubumbashi, alibisha hodi nyumbani kwangu. Mkononi alishika bahasha kubwa, ameikunja mara nyingi, kama mtu anayeogopa kuipoteza na kuogopa kuifungua.

« Mwalimu, akasema, mwanangu aliye Liège ameniita. Mkewe atajifungua mwezi wa Julai, na ni uzazi wake wa kwanza. Huko hawana mama wala shangazi wa kuwasaidia. Kuna kijana mmoja mjini anayesema atanitengenezea safari yote. Nisomee karatasi hizi kabla sijampa fedha zangu. »

Nikafungua bahasha. Barua ya mwanawe ilikuwa njema na ya kweli. Lakini chini yake nilikuta karatasi mbili nyingine: moja ya benki, yenye jina la mama huyo na fedha nyingi ajabu, nyingine ikisema kwamba yeye ni mwenye duka la nguo.

« Mama, una duka? »

« Sina, Mwalimu. Nauza unga na makaa mbele ya mlango wangu. Lakini kijana anasema kwamba Wazungu hawampi viza maskini. »

Nikamwambia: « Mama, karatasi hizi mbili mrudishie mwenyewe leo hii. Kisha keti, tusome pamoja sheria ya safari. » Mambo tuliyosoma jioni ile nayaandika hapa, kwa sababu najua kwamba katika nyumba nyingi kuna bahasha kama ile.

VIZA NI NINI?

Neno hili latoka katika Kilatini: *charta visa*, maana yake « karatasi iliyoonwa ». Serikali ya nchi ya kigeni imeiona paspoti yako, imepima sababu ya safari yako, nayo imebandika humo alama yake. Basi viza si zawadi, wala si bidhaa ya kununuliwa sokoni. Ni neno la mwenye nyumba: « Nimekuona, waweza kuja hodini. »

Nasema hodini, sio ndani. Hata mwenye viza aweza kuulizwa mpakani: Unakwenda kwa nani? Utakaa siku ngapi? Utaishi kwa fedha gani? Naye askari wa mpakani ana ruhusa ya kumrudisha asiyejibu vema. Kwa hiyo yafaa msafiri achukue mkononi nakala za karatasi zake zote, asizifungie katika sanduku lililo tumboni mwa ndege.

Ubelgiji haitoi viza hii ya siku chache kwa sheria yake peke yake. Tarehe 14 Juni 1985, nchi tano, yaani Ubelgiji, Uholanzi, Luksemburgi, Ufaransa na Ujerumani ya Magharibi, zilitia sahihi mapatano karibu na kijiji cha Schengen, katika Luksemburgi, ndani ya mashua juu ya mto Moselle. Zilikubaliana kuondoa ukaguzi katika mipaka iliyo kati yao. Kazi yenyewe ilianza tarehe 26 Machi 1995. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Bulgaria na Romania zilipoingia kabisa, nchi za mapatano hayo zimekuwa 29. Basi mwenye viza ya kawaida ya Schengen aweza kutoka Liège kwenda Paris kwa treni bila kuomba viza nyingine.

Lakini angalieni: Uingereza haimo. Mgeni mwenye viza ya kuingia mara moja tu, akivuka kwenda London kumsalimu ndugu yake, kwanza lazima apate viza ya Uingereza. Pili, hataweza kurudi Ubelgiji, kwa kuwa mara yake moja imekwisha. Tena, Mkongo anayepita tu katika kiwanja cha ndege cha nchi za Schengen ili abadili ndege, bila kutoka nje, kwa kawaida hudaiwa viza ya kupita. Wengi wamezuiwa kupanda ndege kwa kutojua jambo hilo.

KARATASI ZA KWELI

Haya ndiyo mambo yanayotakiwa kwa mtu anayekwenda kutazama jamaa zake:

Kwanza, paspoti. Iwe imetolewa katika miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na idumu walau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka huko.

Pili, fomu ya maombi, picha, na alama za vidole. Alama hizo hutolewa na mwenye vidole mwenyewe. Hakuna dalali awezaye kukutolea. Hutunzwa, nazo zaweza kutumika tena kwa miezi 59.

Tatu, bima ya ugonjwa, itakayolipa walau euro 30.000, na yenye nguvu katika nchi zote za Schengen.

Nne, ushahidi wa mahali pa kulala na wa fedha za matumizi. Kama mgeni hana fedha za kutosha, Ubelgiji hukubali kwamba jamaa yake aliye huko ajitwike mzigo wake kwa maandiko, mbele ya ofisi ya komini anakokaa. Hapo mama yule alishangaa sana. Umaskini wake haukuhitaji kufichwa: sheria yenyewe ilikuwa imemwekea mlango. Mwanawe alikuwa na kazi na mshahara, naye ndiye aliyepaswa kuonyesha mapato yake.

Lakini mzigo huo si mchezo. Anayetia sahihi hubeba, kwa muda wa miaka miwili tangu mgeni aingie, gharama za kukaa kwake, za matibabu yake na za kumrudisha kwao, ikiwa mgeni mwenyewe hawezi kuzilipa. Mgeni akivunja sheria, huenda mtoto wake ndiye atakayelipa.

Tano, ushahidi kwamba utarudi. Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Mama huyo alifikiri hana lo lote la kuonyesha. Nikamwuliza: « Nyumba unayolala ni ya nani? » Akajibu: « Yangu, Mwalimu, hati aliniachia marehemu. » « Nani anaishi nawe? » « Wajukuu watatu wa binti yangu, wanasoma. » Basi, hati ya nyumba na karatasi za shule za wajukuu zilikuwa na nguvu kuliko duka lisilokuwapo.

Maombi hupelekwa mapema kabisa miezi sita kabla ya safari, na kwa kuchelewa siku 15 kabla. Jibu hutolewa kwa kawaida katika siku 15, lakini laweza kungojewa hata siku 45. Tangu tarehe 11 Juni 2024 ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 mpaka kutimiza 12. Mdogo kuliko hao halipiwi. Ofisi inayopokea maombi yaweza kudai malipo ya kazi yake zaidi. Ada hairudishwi maombi yakikataliwa. Ndiyo sababu haifai kununua tiketi ya ndege kabla ya kuiona viza.

Anayekataliwa hupewa sababu kwa maandiko. Kwa maombi yaliyokataliwa na Ubelgiji, aweza kupeleka mashtaka katika baraza la hukumu za wageni huko Brussels kabla siku 30 hazijapita tangu alipopewa jibu. Aweza pia kuomba upya, akitengeneza palipokuwa na upungufu. Lakini aliyeshikwa na karatasi ya uwongo atajibu nini? Maombi yake huandikwa katika daftari inayosomwa na nchi zote za Schengen, na kumbukumbu hiyo hudumu miaka mitano. Dalali hayumo katika daftari ile. Jina lililomo ni la mama.

HESABU YA SIKU

Sheria kubwa ni hii: mgeni asikae zaidi ya siku 90 katika siku 180 zo zote. Siku ya kuingia yahesabiwa, na siku ya kutoka yahesabiwa. Tuchukue mfano. Mtu mwenye viza ya kuingia mara nyingi aliingia tarehe 1 Machi akatoka tarehe 29 Mei: siku 31 za Machi, 30 za Aprili na 29 za Mei, jumla 90. Hawezi kurudi Juni, wala Julai, hata kama viza yake ingali hai. Atangoje mpaka tarehe 28 Agosti. Wala asidhani kwamba kutoka Ubelgiji kwenda Ufaransa kunaanzisha hesabu mpya. Nchi zote 29 ni ua mmoja.

Lakini si kila viza hutoa siku 90. Juu ya viza kuna mambo matatu: tarehe za kuanza na kwisha, idadi ya kuingia, na idadi ya siku za kukaa. Ni idadi hii ya mwisho inayowaponza watu.

Mama yule aliomba siku 30, kama ilivyoandikwa katika mwaliko wa mwanawe. Akapewa. Viza yake ilisema: tangu tarehe 1 Julai mpaka 14 Agosti, kuingia mara 1, siku 30. Aliingia tarehe 3 Julai. Mtoto, msichana, akazaliwa tarehe 19.

Siku chache baadaye simu yangu ililia usiku. Alikuwa yeye.

« Mwalimu, mke wa mwanangu bado ni mdhaifu, na mtoto halali usiku. Mwanangu anasema: Mama, soma mwenyewe, imeandikwa mpaka tarehe 14 Agosti. »

« Mama, ile ni tarehe ya mlango kufungwa. Siku zako wewe ni 30. Hesabu tangu tarehe 3 Julai. »

Akanyamaza. Nikasikia kurasa za daftari zikifunuliwa. Alikuwa amechora kistari kimoja kila jioni.

« Ni tarehe 1 Agosti », akasema.

« Ndiyo, Mama. »

Sikufurahi kumwambia. Sheria yakubali kuongeza siku kwa sababu kuu, kama ugonjwa mzito unaozuia kusafiri, na kuombwa lazima kufanyike kabla siku hazijakwisha. Lakini hamu ya nyanya kumpakata mjukuu wake, ingawa ni kubwa moyoni, haimo kati ya sababu hizo. Tena mipakani siku hizi hawategemei mihuri peke yake: tarehe 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen zilianza kuandika kwa mashine kuingia na kutoka kwa wageni. Anayezidisha siku aweza kuamriwa kuondoka, na pengine kukatazwa kurudi kwa muda wa miaka, kwa kawaida usiopita mitano.

JEMBE LISILOTOLEWA

Wazee wetu walisema: « Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. » Kwetu, anayekawia huingia katika kazi za nyumba, akawa mmoja wetu. Katika viza ya siku chache mambo ni kinyume. Mgeni aweza kukaa hata siku ya 90, wala hapewi jembe. Viza hiyo haimpi ruhusa ya kazi ya mshahara. Anayetaka kufanya kazi, au kusoma mwaka mzima, aombe viza ya kukaa muda mrefu, yenye sheria nyingine. Wapo vijana wanaoomba viza ya kutembea wakiwa na nia ya kubaki na kutafuta kazi kwa siri. Wajue kwamba wanaharibu si njia yao tu, bali na njia ya mama anayetaka kweli kumwosha mjukuu wake, maana mashaka yanayotokana na mmoja huwaangukia wengi.

Mama wa Katuba alipanda ndege tarehe 1 Agosti. Alikuwa na mjukuu wake siku 14 tu, nami najua alilia. Aliporudi, alikuja kunionyesha paspoti yake. Akaweka kidole juu ya muhuri wa kutoka.

« Mwalimu, mwakani nitaomba tena. Watanipa? »

Sikuweza kumwahidi. Lakini nilimweleza kwamba sheria yenyewe hukumbuka mwenendo mwema: aliyepata na kutumia vema viza tatu katika miaka miwili iliyotangulia, akiwa bado na sababu ya safari na njia ya kurudi, aweza kupewa viza ya mwaka mzima, ya kuingia mara nyingi. Muhuri ule ni ushuhuda wake, naye aliupata kwa kuhesabu vistari katika daftari.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa nyumbani kwako kuna bahasha inayongoja, ifungue mchana, mbele ya watoto wako wanaojua kusoma. Toa humo kila lisilo kweli. Uliza ofisi inayotoa viza yenyewe, sio barabara, habari za karatasi na ada. Omba siku unazozihitaji kwa kweli. Na ukiisha kufika, anza kuhesabu jioni ile ile ya kwanza.