Maneno Yaliyobaki Njiani: Njia ya Misafara ya Bagamoyo, Tabora na Puge kama Urithi wa Lugha

1.0 Utangulizi

Mgeni anayetembezwa mjini Bagamoyo huonyeshwa majengo. Hupitishwa kwenye uwanja wa misafara, Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani na Misheni ya Wakatoliki, na akiwa na nguvu za kutosha hufikishwa hadi magofu ya Kaole, upande wa kusini wa mji. Mgeni anayefika Tabora naye hupelekwa Kwihara, kwenye tembe ambamo David Livingstone aliishi mwaka 1872. Kati ya miji hiyo miwili ipo njia ya zaidi ya kilomita 800, ambayo katika karne ya 19 ilikanyagwa kila mwaka na maelfu ya watu waliobeba mizigo mabegani na vichwani. Watu hao hawakujenga ngome wala boma. Walilala kambini, wakaondoka alfajiri, na majivu ya meko yao yakapeperushwa na upepo.

Swali la mhadhara huu ni hili: je, wapagazi hawakuacha urithi wowote? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba waliacha, na kwamba sehemu kubwa ya urithi wao imo katika msamiati wa Kiswahili na katika majina ya mahali. Kwa hiyo, anayetaka kuitembelea njia hiyo kwa manufaa hana budi kuisoma kwa macho na kwa masikio pia. Aidha, mahali pasipo na jengo la kale hata moja, kama vile Puge katika Wilaya ya Nzega, pana nafasi katika historia hiyo sawa na Kwihara au Bagamoyo.

2.0 Njia na Waliopita

Njia ya kati ilianzia pwani mkabala na Unguja, ikapita Usagara na Ugogo, ikaingia Unyamwezi na kufika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora. Hapo ilichipua matawi. Tawi moja lilikwenda magharibi hadi Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Maniema. Jingine lilielekea kaskazini kwenye ziwa kuu, Karagwe na Buganda. Na jingine lilishuka kusini-magharibi.

Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole tarehe 27 Juni 1857 na kufika Kazeh, katika eneo la Tabora, tarehe 7 Novemba: siku 134. Mwaka uliofuata Speke alishika njia ya kaskazini, na tarehe 3 Agosti 1858 akaliona ziwa ambalo wenyeji walikuwa wakivua samaki humo tangu zamani. Hata hivyo, wageni hawa hawakufungua njia yoyote. Waliongozwa katika njia ambayo Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu walikwisha kuizoea.

Shehena zilizoshuka pwani zilikuwa hasa pembe za ndovu. Zilizopanda bara zilikuwa nguo, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mpagazi aliongeza vyombo vyake mwenyewe. Watumwa pia walipitishwa katika njia hii, na wengine wao walilazimishwa kubeba pembe. Uovu huo haufai kupunguzwa uzito wala kufichwa. Pamoja na hayo, utafiti wa Stephen Rockel uliochapishwa mwaka 2006 umeonyesha kuwa wengi wa wapagazi wa njia ya kati walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliofanya kazi kwa ujira, waliopatana masharti, na waliogoma au kuondoka pale masharti yalipovunjwa.

Mwaka huohuo wa 2006, Tanzania iliiingiza njia hii katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina lililotumika linataja biashara ya watumwa na pembe, mpagazi hamo. Upungufu huo si wa orodha peke yake. Ni desturi ya kukumbuka bidhaa, mfanyabiashara na mgeni aliyeandika kitabu, na kumsahau aliyebeba mzigo.

3.0 Majina ya Mahali

Jina la Bagamoyo ndilo mfano unaojulikana zaidi. Aghalabu huelezwa kuwa linatokana na bwaga moyo. Wapo wanaosema maana yake ni kuutuliza moyo: mpagazi amefika pwani, ametua mzigo, anapumzika. Wapo wanaosema ni kukata tamaa: mtumwa anauacha moyo wake ufukoni kabla ya kuvushwa baharini. Mwanaisimu hana haja ya kuchagua kwa kufuata hisia. Kitenzi bwaga kina maana ya kuangusha au kutupa chini kilichobebwa, na maana hiyo inazikubali tafsiri zote mbili. Tofauti haimo katika kitenzi bali katika mtu anayedhaniwa kukitamka. Kwa hiyo, bango linaloandika tafsiri moja tu huwa limemchagua msemaji mmoja na kumnyamazisha mwingine.

Sasa Bagamoyo ilinganishwe na Tura, kituo cha mashariki ambapo msafara uliingia Unyamwezi. Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, alieleza kuwa jina hilo lina maana ya kutua mzigo. Maelezo hayo yanaafikiana na lugha yenyewe. Kiswahili kimepoteza sauti l katika maneno mengi ambayo Kinyamwezi na jamaa zake wameihifadhi: Kiswahili kina njaa pale Kinyamwezi kinaposema nzala. Kwa kanuni hiyohiyo, tua ya Kiswahili inalingana na tula ya Kinyamwezi. Na matamshi ya l na r katika majina yaliyoandikwa na wageni yalibadilishana mara kwa mara. Basi njia moja ilikuwa na jina la kutua katika kila mwisho wake: Mnyamwezi aliyekwenda pwani alibwaga Bagamoyo, na aliyerudi nyumbani alitua Tura. Wanaoeleza jina la Bagamoyo bila kulitaja la Tura huieleza njia kana kwamba ilikuwa na mlango mmoja tu.

Kabla ya Tura palikuwa na nyika iliyoogopwa kwa uhaba wa maji, iliyoitwa Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba katika Kinyamwezi na katika lugha jirani; kivumishi -kali kinafahamika kwa Mswahili na kwa Mnyamwezi. Jina hilo liliweza kueleweka na msafara mzima bila mkalimani. Hapa Kiswahili kinaonekana kikikua kwa kukutana na lugha za bara, wala si kwa kuzifukuza.

Kuhusu Tabora, wenyeji wengi hulihusisha jina hilo na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Chakula hicho ni chepesi kubeba na hakiozi upesi, hivyo kilimfaa msafiri. Mwanafunzi anayesikia maelezo kama hayo asiyadharau, wala asiyapokee kama hati. Ayapime kwa mambo mawili: kanuni za mabadiliko ya sauti, na maandishi ya zamani yanayotaja jina hilo. Hata pale ambapo maelezo ya wenyeji hayathibitishi asili ya jina, huhifadhi kumbukumbu ya kitu kingine. Katika mfano huu, kumbukumbu ya chakula cha njiani.

4.0 Maneno ya Kazi

Maneno manne yanatosha kuonyesha jinsi njia ilivyobaki katika lugha baada ya misafara kukoma.

Neno la kwanza ni posho. Katika msafara, posho ilikuwa riziki ya kila siku aliyopewa mpagazi, aghalabu nafaka iliyopimwa kwa kibaba, au nguo na shanga za kununulia chakula. Nchini Uganda, posho leo ni ugali wenyewe. Nchini Kenya, neno hilo limeshikamana na unga wa mahindi na mashine za kusagia. Nchini Tanzania limekuwa fedha: posho ya safari, posho ya kikao. Mtumishi anayetia saini fomu ya posho anarithi dai la mpagazi kwamba anayetumwa mbali na nyumbani alishwe na aliyemtuma.

La pili ni doti. Nguo zilikuwa fedha ya njiani, na vipimo vyake vilijulikana kila mahali: mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Kitambaa cheupe cha pamba kutoka Marekani kiliitwa merikani. Mama anayeuliza leo bei ya doti ya khanga, akimaanisha vipande viwili vinavyouzwa pamoja, anatumia kipimo kilekile cha msafara.

La tatu ni nyampara, ambalo leo husemwa nyapara au mnyapara. Asili yake ni neno la Kinyamwezi na Kisukuma lenye maana ya mzee mwenye heshima, kama inavyoonekana katika banamhala, yaani wazee. Katika msafara, nyampara alikuwa mkuu wa kundi la wapagazi, aliyesema kwa niaba yao na kuwasimamia. Chini ya utawala wa kikoloni neno liliingia mashambani na katika kazi za barabara, likawa jina la msimamizi anayehimiza watu kazi. Gerezani likawa jina la mfungwa anayewasimamia wenzake. Mzee wa baraza akageuka msimamizi wa kuogopwa. Historia ya kazi katika Afrika Mashariki imo ndani ya neno hilo moja.

La nne, ambalo lina funzo kubwa zaidi, ni hongo. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ada aliyotozwa mwenye msafara na mtawala wa nchi aliyopitia, hasa Ugogo. Mtawala alitoa kibali cha kupita na ruhusa ya kuteka maji. Kwa mwenye nchi hiyo ilikuwa haki, kama ushuru wa forodha ulivyo haki ya serikali. Wafanyabiashara na wageni waliilalamikia kuwa ni unyang'anyi. Leo hongo ni rushwa, na kitenzi honga hakina heshima. Kamusi imehifadhi hukumu ya upande mmoja wa mgogoro: maana ya mpita njia imeshinda maana ya mwenye maji. Mwanafunzi asiyejua mabadiliko hayo atayasoma maandishi ya kale na kuwaona watemi wote wa njiani kuwa wala rushwa.

5.0 Puge na Matembezi ya Kiisimu

Misafara ilikoma kwa sababu ya reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Katika miaka ya 2010 barabara ya Nzega hadi Tabora iliwekwa lami kwa sehemu mbili, Nzega hadi Puge na Puge hadi Tabora, kila moja ikiwa pungufu kidogo ya kilomita 60. Hivyo Puge ipo karibu katikati. Abiria wa basi huipita kwa dakika chache. Msafara uliotembea kilomita 15 hadi 20 kwa siku ungehitaji siku tatu au nne kufika hapo kutoka Tabora.

Anayetembea kwa miguu kutoka Puge hahitaji gofu la kutazama. Anahitaji daftari na subira. Jambo la kwanza la kuchunguza ni dira. Katika Kinyamwezi, sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Kwa hiyo, Wasukuma ni watu wa kaskazini kwa yule anayewatazama akiwa kusini yao. Jina la Wanyamwezi nalo lilienezwa na watu wa pwani. Puge, iliyo upande wa kaskazini wa Unyanyembe, ni mahali pazuri pa kuuliza wazee: kaskazini inaanzia wapi, na nani aliyesema hivyo kwanza? Majibu yatatofautiana, na tofauti hizo ndizo data.

Jambo la pili ni majina madogo ambayo ramani haziyaandiki: ya visima, vijito, miti mikubwa, vichuguu na vilima. Jambo la tatu ni msamiati wa mwendo na mzigo: namna za kubeba, za kupokezana, za kupumzika. Maneno haya yahifadhiwe kwa Kinyamwezi kwanza, kisha yalinganishwe na Kiswahili. Yakitafsiriwa kabla ya kurekodiwa, ushahidi hupotea, kwa sababu ni katika l iliyobaki au iliyodondoka ndipo historia husomwa.

6.0 Hitimisho

Kiswahili hakikuingia bara kwa amri ya serikali pekee. Wajerumani walipoanza kukitumia katika utawala, walikikuta Tabora na Ujiji, na ng'ambo ya ziwa kilikwisha kupata sura yake katika Kingwana, lahaja yenye jina la waungwana wa misafara. Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo wameacha maandishi kuhusu safari hizo. Wapagazi, ambao wengi wao hawakuandika, waliacha maneno.

Kwa mintarafu hiyo, mpango wowote wa kuweka alama katika njia ya urithi unapaswa kuwa na mwanaisimu pamoja na mtaalamu wa mambo ya kale. Bango la Bagamoyo litaje tafsiri zote mbili. Tura ipewe bango lake. Puge iwe kituo cha kukusanyia majina kabla wazee wanaoyajua hawajatoweka. Tembe likibomoka, mafundi wanaweza kulijenga upya kwa michoro, kama tembe la Kwihara lilivyojengwa upya. Jina la kisima likisahauliwa na mtu wa mwisho aliyelijua, hakuna fundi wa kulirudisha.