Kusi, Kaskazi na Ukuta wa Udzungwa

Upepo huanza pale hewa ya mahali pamoja inapogandamiza zaidi kuliko ya mahali pengine. Kati ya Juni na Septemba hewa nzito hutua juu ya Bahari ya Hindi, kusini-mashariki mwa Madagaska, karibu na latitudo 30. Wakati huohuo bara la Asia limepata joto na hewa yake inapanda. Hewa huondoka kwenye mgandamizo mkubwa kufuata mdogo, ila hainyooki, maana dunia inazunguka chini yake.

Kwenye ikweta ardhi hukimbilia mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa. Kwenye latitudo 30 ni kama 1,450. Hewa itokayo huko kwenda kaskazini ina mwendo mdogo, hivyo ardhi huitangulia nayo hubaki upande wa magharibi. Ndiyo kusi, upepo wa kusini-mashariki. Ikishavuka ikweta, yenyewe ndiyo yenye kasi: hupinda kulia na kuingia India ikitokea kusini-magharibi. Kani hii ina jina la Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis, aliyeieleza kwa hesabu mwaka 1835. Hufanya kazi kwenye safari ndefu. Maji ya beseni wanayozungushiwa watalii pale Nanyuki, kwenye ikweta, humtii zaidi anayeyamimina.

Mbingu, magharibi ya Ifakara katika bonde la Kilombero, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka pwani, lakini mvua yake ni ya bahari. Julai, mpunga ukiwa umeanikwa juani bondeni, ukungu wa kusi huwa bado umeshika msitu wa mlimani. Mvua kubwa husubiri jua lihamie kusini. Ukanda wa mgandamizo mdogo hulifuata, na kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, huleta hewa yenye unyevu. Bonde liko mita 300 hivi juu ya bahari, Luhombero katika Udzungwa hupita mita 2,500. Hewa ikifika hapo hulazimika kupanda. Ikipanda hupoa, na unyevu wake huwa mvua. Iringa, nyuma ya milima hiyohiyo, hupata mabaki.

Maji hayo hushuka kwa mto Kilombero, huingia Rufiji na kufika baharini mkabala na Mafia. Mkondo wa pwani hiyo huenda kaskazini mwaka mzima. Kusi huusukuma mgongoni. Kaskazi huupunguza kasi na kuugeuza ule wa Somalia uteremke kusini, hata mikondo hiyo miwili ikutane karibu na pwani ya Kenya na kukata pamoja kwenda mashariki, bahari kuu.