Darubini ya sarafu inavyoweza kumwambia mzazi kuhusu jicho la mtoto

Kwenye sinema nyingi zinazoonyesha jiji la New York, Marekani, kuna dude la chuma ambalo watoto hawachoki kuliuliza. Limesimama juu ya nguzo, kichwa chake kina umbo kama uso wa mtu, na macho mawili makubwa yametazama baharini au juu ya mapaa ya majengo. Mtu anatumbukiza sarafu, anainama na kuchungulia. Muda ukiisha, dude linafumba macho na yeye anabaki kutazama giza.

Hiyo ni darubini ya sarafu. Leo nyingi zimekuwa vitu vya kale vinavyopita mkono hadi mkono kwa wakusanyaji, lakini kwa mzazi zina somo ambalo halihusiani na utalii. Ili kulielewa, inabidi kuanza na watu waliowahi kuzimiliki.

Kabla ya mashine alikuwepo mtu. Katikati ya karne ya 19, mwandishi wa habari Henry Mayhew alizunguka London akiwahoji watu waliotafuta riziki mitaani. Katika kitabu chake, London Labour and the London Poor, yumo fundi wa kushona nguo aliyekuwa akitoa darubini yake barabarani usiku na kutoza peni moja kwa kila aliyetaka kuutazama mwezi au nyota. Nguvu kubwa kabisa aliyokuwa nayo ilikuza mara 300. Hata hivyo, hakupenda kuitumia mtaani, kwa sababu nyota ilipita haraka kabla jicho la mteja asiyezoea halijaikamata. Alichagua yenye nguvu ndogo, ili watu waone vizuri.

Nampenda sana fundi huyu. Hakusoma udaktari wa macho, lakini alijua kwamba jicho la mtu mzima na akili timamu linahitaji muda na msaada ili lione kitu kipya. Alikuwepo pale kumwelekeza mteja, na mashine iliyokuja baadaye haikuweza kufanya hivyo.

Wazo la kuuza kitu kwa sarafu bila muuzaji ni la zamani mno. Heron wa Alexandria, Misri, katika karne ya kwanza alieleza chombo kilichotoa maji ya hekaluni baada ya sarafu kuangukia kijiti cha mizani ndani yake. Lakini biashara yenyewe ilishika kasi miaka ya 1880, pale Percival Everitt alipobuni mashine ya kuuza postikadi jijini London mwaka 1883. Haikuchukua muda mrefu, karibu kila kitu kilichoweza kuuzwa kwa sarafu kikawekewa tundu, ikiwamo mandhari ya bahari.

Ndani ya darubini hizo hakuna maajabu. Sarafu inaangukia kijiti, kijiti kinaachia saa ya springi, na kibati kinachoziba lenzi kinafunguka. Springi ikimaliza kujikunjua, kibati kinarudi.

Huko Uingereza, darubini za magati ya pwani zilikula peni ya zamani, sarafu kubwa ya shaba yenye upana wa karibu milimita 31. Wazee wetu wanaoikumbuka senti kumi ya Afrika Mashariki, ile yenye tundu katikati, wana picha yake kichwani, maana zilikaribiana kwa upana. Februari 15, 1971, Uingereza ilibadili mfumo wa fedha na peni mpya zikawa ndogo. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya peni kubwa ikawa haina wa kuilisha. Mwenye nayo alikuwa na mawili: abadilishe utumbo wake au aiuze.

Marekani mambo yalikuwa tofauti. Kampuni ya Tower Optical ya Norwalk, Connecticut, iliyoanzishwa mwaka 1932, ndiyo iliyotengeneza yale madude yenye sura ya mtu. Kampuni haikuwa inaziuza kama mtu anavyouza friji. Ilizifunga kwenye maeneo ya watalii, ikabaki kuwa mmiliki, na mapato ikagawana na mwenye eneo. Ilikuwa biashara yenye akili, hasa kwa kipindi kile. Jengo la Empire State lilifunguliwa Mei 1, 1931, katikati ya mdororo wa uchumi, na ofisi zake nyingi hazikupata wapangaji. Mwaka wake wa kwanza, roshani za kutazamia mji ziliingiza karibu dola milioni 2, sawa na kodi yote ya pango iliyokusanywa. Hata katika hali ile, watu bado walipata pesa za kupanda juu na kutazama mbali.

Na si kila anayetumbukiza sarafu ni mtalii. Korea Kusini kuna kituo cha Odusan, kilichofunguliwa mwaka 1992 kando ya mto unaoitenganisha na Korea Kaskazini. Waliofika pale kuchungulia ng'ambo ni pamoja na wazee waliotenganishwa na ndugu zao tangu vita ya 1950 hadi 1953. Zaidi ya watu 130,000 walijiandikisha serikalini wakitafuta kukutanishwa na familia zao, na wengi wameshafariki dunia. Mtu wa aina hiyo anapoinamia lenzi, muda wa springi ni mfupi mno.

Sasa turudi kwa mtoto wako. Chukulia umempeleka mahali penye darubini, au kuna ndugu amekuja na darubini ya mkono. Mtoto anachungulia, anasema, “Mama, sioni kitu.” Wengi wetu tunajibu, “Angalia vizuri.” Tunambeba juu zaidi, tunamgeuza kichwa, muda unaisha, tunaondoka tukisema hajui kutazama.

Huenda hajui kweli. Umbali kati ya mboni mbili za mtu mzima ni kama milimita 63, wakati wa mtoto wa miaka mitano ni karibu 50. Mashine ya macho mawili iliyopimwa kwa watu wazima humwonyesha mtoto duara jeusi. Mwambie atumie tundu moja, kwa jicho moja.

Hapo ndipo penye somo. Mwambie achungulie kwa jicho la kulia, halafu la kushoto, na kila mara umuulize anaona nini. Akieleza boti, mti na mtu kwa jicho moja, halafu kwa lingine aseme ni ukungu tu, usimwambie aangalie vizuri. Vivyo hivyo kwa mtoto ambaye kila ukimwambia atumie jicho fulani, anahamia lile lingine.

Kuna hali inayoitwa jicho vivu. Jicho kwa nje linaweza kuonekana zima kabisa, lakini ubongo umezoea kuipuuza picha yake na kutegemea jicho lenzake. Inaweza kusababishwa na makengeza, na tofauti kubwa ya uwezo kati ya macho mawili, au na mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao. Mtoto halalamiki, kwa sababu hajawahi kuona kwa namna nyingine. Anacheza mpira, anaangalia katuni, anakimbia. Jicho zuri linafanya kazi ya mawili, na mzazi hana cha kumshtua.

Tiba ipo na mara nyingi si upasuaji. Ni miwani, na pale inapohitajika, kuziba jicho zuri kwa saa kadhaa ili lile vivu lilazimike kufanya kazi, au dawa ya matone ya kulififisha jicho zuri kwa muda. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto wa chini ya miaka saba wenye tatizo la wastani, kuziba jicho saa mbili kwa siku kulisaidia sawa na saa sita. Ni habari njema kwa mama anayepambana na mtoto anayebandua kitambaa kila dakika. Matokeo huwa mazuri zaidi tiba ikianza kabla ya miaka saba, ingawa mkubwa kidogo naye apelekwe.

Huhitaji darubini kufanya jaribio hili. Mzibe mtoto jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, mwonyeshe kitu ng'ambo ya uwanja, kisha badilisha. Mdogo asiyejua kueleza atakujibu kwa mikono: ukiziba jicho zima atalia na kukusukuma, ukiziba lile dhaifu atatulia. Jaribio hili si kipimo cha hospitali, na mtoto anayelipita bado anahitaji kupimwa na mtaalamu wa macho kabla ya kuanza shule.

Kuna mambo mengine ya haraka. Lenzi inayoguswa na kope za watu wengi ifutwe kwanza. Waliopitia mlipuko wa macho mekundu Januari 2024 wanajua ugonjwa ule unavyosambaa. Rangi ya chuma cha zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, hivyo ikiwa inabanduka, mtoto mdogo asiishike na kisha kuweka vidole mdomoni.

Kubwa kuliko yote ni jua. Wakati wa kupatwa kwa jua Septemba 1, 2016, watu walifurika Rujewa, mkoani Mbeya, na maonyo ya kulinda macho yalitolewa. Kwa darubini hatari ni kubwa zaidi, maana lenzi inakusanya mwanga na kuumimina mahali pamoja nyuma ya jicho. Sehemu hiyo haina mishipa ya maumivu, kwa hiyo mtoto anaungua bila kulia. Baadhi ya darubini ndogo za zamani ziliuzwa na kioo cheusi cha kufunga upande wa kuchungulia, kimeandikwa SUN. Joto hukipasua ghafla jicho likiwa nyuma yake. Ukinunua darubini ya mtumba ukakikuta, kitoe na ukitupe kabla mtoto hajaiona.