Shahada anayo, mtaji wa utafiti hana

JULAI 31, 2024, Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini humo. Alibainika katika kituo cha mpakani cha Taveta, akiwa safarini kutoka Uganda kwenda Rwanda kwa kupitia Kenya. Wiki mbili baadaye, Agosti 14, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa huo ni dharura ya kimataifa.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, habari ya namna hiyo humkumbusha foleni. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, malori yalijipanga kilometa nyingi Malaba huku madereva wakisubiri majibu ya vipimo. Nyanya na ndizi hazijui kusubiri. Miongoni mwa mambo yaliyopunguza adha hiyo ni maabara 9 zinazohamishika, ambazo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizigawa kwa nchi wanachama kwa fedha za Ujerumani.

Hata hivyo, mashine pekee haitoshi. Fundi wa maabara anaweza kusema mtu ana virusi au hana. Kujua virusi hivyo ni vya aina gani, vimetoka wapi na vinapita njia ipi ni kazi ya mtafiti. Mwaka huohuo wa 2020, watafiti wa Entebbe walisoma vinasaba vya virusi vya korona vilivyopatikana kwa abiria wa ndege na madereva wa malori. Aina mpya ya mpox iliyoenea kanda hii mwaka 2024 nayo ilitambuliwa na watafiti wa Kongo na wenzao wa nje, kutoka kwa wagonjwa wa Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu Kivu Kusini.

Mtaalamu wa kiwango hicho hatoki chuoni akiwa amekamilika. Baada ya shahada ya uzamivu huhitaji miaka kadhaa ya kuendesha utafiti wake mwenyewe chini ya mlezi, kuandika matokeo na kujifunza kuomba fedha. Yuko kama kijana aliyemaliza kujifunza biashara dukani kwa mjomba wake: bei anazijua, wateja anawajua, ila hana mtaji wala kibanda. Akiajiriwa na chuo, mara nyingi hupewa vipindi vingi vya kufundisha, na kemikali za maabara zinazoagizwa kwa dola azitafute mwenyewe. Akikosa, huhamia Ulaya au Marekani, au huacha utafiti kabisa.

Kwa muda mrefu mtaji huo umetoka nje. Mwaka 2015 Mfuko wa Wellcome wa Uingereza na washirika wake walianzisha mpango wa DELTAS Africa, wenye takriban dola milioni 100 kwa miaka 5. Chini ya mpango huo, Chuo Kikuu cha Makerere kiliongoza ushirika wa THRiVE, uliounganisha taasisi za Uganda, Kenya na Tanzania, zikiwemo Chuo Kikuu cha Gulu, chuo cha KCMC cha Moshi na NIMR ya Mwanza. Mpango mwingine, wa APTI, ulianzishwa kumpeleka mtafiti Mwafrika kwenye maabara za taasisi za afya za Marekani, NIH, kwa miaka 2, kisha kumsaidia sehemu ya mshahara kwa miaka mingine 2 akirudi nyumbani. Sharti la kurudi ndilo lililoupa mpango huo thamani kwa kanda.

Lakini mtaji wa kuazima huwa na mwenyewe. Mei 2025, NIH ilitangaza kusimamisha utaratibu wa kupitisha fedha za utafiti kwa taasisi za nchi nyingine kupitia ruzuku za taasisi za Marekani, hadi utaratibu mpya uwekwe. Mwaka huohuo shirika la misaada la USAID lilifungwa. Nyumbani, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana mwaka 2007 kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti na maendeleo. Nchi za Jumuiya bado zinadaiwa ahadi hiyo.

Kuna pia kikwazo ambacho wachuuzi wa Busia na Namanga watakielewa upesi. Mwenye bidhaa za kanda zilizo kwenye orodha, zisizozidi dola 2,000, hujaza cheti rahisi cha uasilia mpakani na kupita bila ushuru wa forodha. Mtafiti hana dirisha la namna hiyo. Akitaka kufuatilia ugonjwa mmoja katika nchi tatu, ataomba kibali NACOSTI ya Kenya, UNCST ya Uganda na COSTECH ya Tanzania, apitie kamati za maadili za kila nchi, kisha aandikiane mikataba ya kusafirisha sampuli. Vibali vina sababu, maana damu ya raia si gunia la mahindi. Lakini kirusi hakiombi kibali hata kimoja.

Jumuiya tayari ina Tume ya Utafiti wa Afya, yenye makao Bujumbura. Ikipewa fedha na nguvu, inaweza kuwa mlango wa mambo mawili: mfuko wa kanda kwa watafiti waliomaliza uzamivu, na idhini ya maadili inayotambuliwa na nchi zote. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, lililozoea kudai vikwazo vya biashara viondolewe, lina haki ya kudai na hili. Mgonjwa mwingine akibainika Mutukula au Rusumo, nchi isiyo na mtu wa kuusoma ugonjwa huo itabaki na dawa moja tu: kufunga mpaka. Gharama yake wataibeba wenye mizigo.