"Spendthrift": neno la Kingereza lenye kudanganya sikio

Wengi kati yetu tuko tunajifunza Kingereza juu ya kutafuta kazi ao bourse. Leo naleta neno moja lenye kuhusu feza: "spendthrift".

Mwenye kujua kwamba "thrift" ni kuchunga feza anaweza kuwaza kwamba "spendthrift" ni mtu anayetumia feza kwa akili. Hapana! Maana yake ni kinyume kabisa: ni mbadhirifu, mtu wa kumwaga feza ovyo. Ukijiita hivyo mu barua ya kuomba kazi ya comptable, umejifungia mlango wewe mwenyewe.

Juu ya nini iko hivyo? Tuanze na "spend". Linatoka ku Kilatini, "expendere", ni kusema kupima ku mizani, maana zamani Waroma walilipa kwa chuma chenye kupimwa. Hata "dépenser" ya Kifaransa iko na mzizi ule ule.

"Thrift" lilitoka ku lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, na ni ndugu ya "thrive", kustawi. Zamani lilitaja hali ya kustawi, tena mali yenye mtu amekusanya. Basi "spendthrift" ni mtu anayekula ile akiba. Limejengwa sawa na "gratte-ciel" ya Kifaransa: kitendo mbele, kitu nyuma.

Neno hili lina miaka kama 400. Shakespeare alilitumia mu "The Tempest" juu ya mtu mwenye kumwaga maneno, si feza. Mbele yake Waingereza walisema pia "scattergood", mtawanya-mali. Na mpaka leo sheria ya Marekani inajua "spendthrift trust": mzazi anaweka mali mu mikono ya mtu mwingine, huyo anamgawia mtoto kidogo kidogo, na wenye kumdai mtoto hawawezi kuikamata mbele haijamufikia.

Kwangu mimi, fundisho liko mu mzizi. Kuchunga feza si uchoyo, ni kustawi. Mwenye kula mshahara wa kwanza wote mu wiki moja hapotezi tu dola. Anakula mbegu ya kesho.

Na ninyi, ku kwenu, mtu wa namna hiyo munamuita namna gani?