Lord Milner, mtu wa fedha aliyechora mpaka wa Ngara

Mhangaza wa Ngara akivuka mpaka pale Kabanga kwenda Burundi hahitaji mkalimani. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana. Ndiyo maana vijana wa huko wanapofika seminarini hutaniwa na wenzao: ninyi ni Warundi au Watanzania? Jibu liliandikwa Paris, tarehe 30 Mei 1919, na mmoja wa walioliandika alikuwa mtaalamu wa fedha, Mwingereza Alfred Milner.

Milner alizaliwa Giessen, Ujerumani, mwaka 1854, akasoma Oxford, akafanya kazi ya uandishi wa habari kwa muda mfupi. Kipaji chake kilionekana kwenye hesabu. Alihudumu katika wizara ya fedha ya Misri, na kuanzia 1892 akaongoza idara ya kodi ya Uingereza. Mwaka 1897 alipelekwa Afrika Kusini kuwa mwakilishi mkuu wa serikali yake. Huko sifa yake ilichafuka. Alichangia sana kuzuka kwa vita dhidi ya Makaburu, na baada ya vita akaruhusu vibarua Wachina waletwe kwenye migodi ya dhahabu. Walipochapwa viboko, Bunge la Uingereza lilimlaumu mwaka 1906. Wakati huo alikuwa amekwisha kuingia katika biashara ya benki na migodi jijini London. Vita Kuu ndiyo iliyomrudisha serikalini, na mwaka 1919 akawa waziri wa makoloni.

Hapo ndipo anapoingia kwetu. Majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalikuwa yameteka Rwanda, Burundi, Biharamulo na hata Tabora mwaka 1916. Mwezi Mei 1919 wakubwa wa Paris waliipa Uingereza koloni lote la Wajerumani, na Ubelgiji ikalalamika. Milner akaketi na mwanadiplomasia wa Ubelgiji, Pierre Orts. Kwa kweli Ubelgiji haikuzitamani sana nchi hizi. Ilitaka kuzitumia katika mabadilishano, ili Ureno iiachie ardhi kwenye mdomo wa mto Kongo. Ureno haikukubali. Uingereza nayo ilitaka njia ya reli kuunganisha Uganda na Tanganyika. Basi wakagawana: Rwanda na Burundi kwa Ubelgiji, Biharamulo, Bushubi na Bugufi kwa Uingereza, pamoja na Gisaka, eneo la mashariki mwa Rwanda, kwa ajili ya reli ile. Wenyeji hawakuulizwa, ingawa Bugufi ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi tangu karne ya 19.

Gisaka ilipata watetezi. Mfalme Musinga alipinga, na pamoja naye Léon Classe wa Wamisionari wa Afrika, aliyewekwa kuwa askofu wa Rwanda mwaka 1922. Mwaka 1923 Shirikisho la Mataifa likakubali Gisaka irudi Rwanda, na mto Kagera ukawa mpaka. Reli yenyewe haikujengwa. Madai ya Burundi juu ya Bugufi hayakufika popote. Yalisikika tena mwaka 1948, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipozuru, lakini mpaka ukabaki pale pale.

Milner aliacha wizara mwaka 1921 akafa mwaka 1925. Nimetafuta dalili kwamba aliwahi kuiona Ngara kwa macho yake, sikuipata.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 na kujaa Benaco, wilayani Ngara. Wengi walitoka Kibungo, yaani Gisaka ile ile. Kama mpango wa 1919 ungebaki ulivyokuwa, daraja lile lingekuwa ndani ya Tanzania, na watu hao wangekuwa raia wenzetu. Badala yake waliandikishwa kuwa wakimbizi, na waliowapokea, Wahangaza na Washubi, walizungumza nao bila mkalimani.